Majuto ni Mjukuu: Watoto Waliotibiwa kwa Mionzi

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, maana hayatangulii, huja nyuma. Sisi akina mama tunaujua ukweli wa methali hiyo katika mambo mengi ya nyumba. Mwezi huu tunapenda tuitazame katika jambo lisilozungumzwa sana vibarazani mwetu: watoto waliopewa mionzi kama dawa, wazazi wao wakashukuru, na ugonjwa ukaja miaka mingi baadaye.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Muda si mrefu madaktari wakaona kwamba mionzi hiyo haitoi picha za mifupa tu, bali pia inaweza kunyonyoa nywele na kupunguza uvimbe. Wengi walidhani kwamba kiasi kisichounguza ngozi hakina neno. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Nywele ziliota tena

Leo mtoto akiwa na mapunye kichwani, hupelekwa zahanati na kupewa dawa. Lakini kabla ya vidonge vya griseofulvini kuanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto wengi duniani walitibiwa mapunye kwa eksirei. Kichwa kiligawanywa sehemu tano, kila sehemu ikapigwa mionzi. Baada ya majuma machache nywele zilipukutika pamoja na ugonjwa, kisha zikaota tena. Mama alimwona mwanawe amepona, na jambo likasahauliwa.

Huko Israeli, maelfu ya watoto walitibiwa hivyo baada ya mwaka 1948. Wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Daktari Baruch Modan na wenzake walifuatilia maisha ya zaidi ya watoto 10,000 kati yao, wakawalinganisha na wengine, wakiwemo ndugu zao ambao hawakupigwa mionzi. Mwaka 1974 walitangaza kwamba waliotibiwa walikuwa wakipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni, yaani ile tezi ambayo ikivimba huitwa rovu, kuliko wenzao. Tezi hiyo haikulengwa hata kidogo; mionzi kidogo tu ndiyo iliyoifikia. Mwaka 1994 Israeli ilitunga sheria ya kuwalipa fidia walioathirika.

Mtoto mwenye afya atibiwa

Nchini Marekani jambo hili lilikuwa na sura nyingine. Kila mtoto mchanga ana tezi nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi, ambayo ni kubwa kwa kawaida. Madaktari walikuwa wamezoea kuiona kwa watoto waliofariki baada ya kuugua sana, na ugonjwa ulikuwa umeinywesha. Basi walipoiona kwa mtoto mzima wa afya wakaiona kubwa kupita kiasi, wakahofu kwamba ingemkaba usingizini. Watoto wachanga wakapigwa eksirei kifuani ili tezi hiyo ipungue. Ndiyo kusema, walitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Mwaka 1989 watafiti wa Rochester, New York, walieleza habari za wanawake wapatao 1,200 waliopewa tiba hiyo wakiwa wachanga. Walipolinganishwa na dada zao ambao hawakupewa, walionekana kuugua zaidi saratani ya matiti.

Mjini Chicago nako, watoto wenye mafindofindo yaliyovimba walipigwa mionzi shingoni. Mwaka 1974 hospitali ya Michael Reese ilianza kuwatafuta zaidi ya watu 5,000 iliokuwa imewatibu utotoni, ili wapimwe. Kati ya 1,056 wa kwanza kupimwa, 60 walikutwa na saratani ya tezi ya shingoni. Walikuwa sasa watu wazima, na wengi hawakujiona kuwa wagonjwa.

Kwa nini madhara hungoja hivyo? Mionzi hupenya mwilini na inaweza kuharibu maelekezo yaliyomo ndani ya chembe hai. Chembe iliyoharibika huweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Chembe za mtoto hugawanyika upesi kwa kuwa anakua, na miaka iliyo mbele yake ni mingi. Kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima.

Akina mama waliulizwa

Katika miaka ya 1950, Daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, naye akiwa mama, alitaka kujua kwa nini watoto wanakufa kwa saratani ya damu na saratani nyingine. Alifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria: aliwauliza akina mama. Waliofiwa na watoto na wale ambao watoto wao walikuwa hai waliulizwa maswali yaleyale. Mwaka 1956 jibu lilianza kuonekana. Akina mama waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito, takriban mara mbili ya wenzao.

Saratani ya utotoni ni nadra, hivyo watoto wengi waliopigwa eksirei tumboni hawakuugua. Hata hivyo hatari ilikuwapo. Madaktari wengi hawakukubali upesi, ingawa mwaka 1962 Brian MacMahon wa Marekani naye alionyesha jambo hilohilo. Kumbukumbu ya akina mama ilikuwa imesema kweli.

Nasi tufanye nini?

Kwanza, tusiikimbie eksirei inayohitajika. Mfupa uliovunjika au kifua kikuu havingoji, na picha ya leo hutumia mionzi kidogo sana ukilinganisha na tiba zile.

Pili, tuulize, maana kuuliza si ujinga. Tuseme kwa heshima: "Daktari, picha hii itatusaidia kujua nini? Je, altrasaundi haitoshi?"

Tatu, mama mwenye mimba, au hata aliyepitisha siku zake tu, amwambie mpiga picha kabla hajapigwa.

Nne, aliyetibiwa kwa mionzi kichwani, shingoni au kifuani utotoni amweleze daktari wake, hata kama miaka 40 imepita. Uvimbe wowote shingoni upimwe mapema.

Mwisho, tuwe na daftari la afya ya kila mtoto. Tuandike ugonjwa, hospitali, mwaka, na sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi. Mtoto mchanga hawezi kukumbuka alichofanyiwa. Siku anapoondoka kwenda kuanza nyumba yake, tumkabidhi daftari hilo pamoja na baraka zetu.