Nyuki Waliobaki Ndani ya Sandarusi

Kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, kwa kawaida huhifadhi wadudu walioishi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Aina mbili za nyuki wadogo wasiouma, zilizopewa majina ya kisayansi Axestotrigona kitingae na Hypotrigona kleineri mwaka 2022, ni za wakati wa karibu zaidi, kwa sababu zilipatikana ndani ya sandarusi ya Afrika Mashariki, yaani utomvu mchanga kuliko kaharabu, na watafiti waliozichunguza, akiwamo Mónica Solórzano-Kraemer wa taasisi ya Senckenberg nchini Ujerumani, wanaona kwamba huenda zimekwisha kutoweka.

Sandarusi hutoka kwa msandarusi, mti wa ukanda wa pwani. Gome linapojeruhiwa, utomvu unaonata hutiririka na kumnasa mdudu, utomvu mwingine humfunika, kisha mafuta mepesi yaliyomo huyeyukia hewani huku molekuli zinazobaki zikiungana na kukaza. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walitofautisha chakazi, iliyo mbichi na yenye thamani ndogo, na sandarusi iliyokomaa, iliyochimbwa ardhini hata mahali ambapo miti yenyewe haikuonekana tena. Bidhaa hiyo ilikusanywa Zanzibar, kisha ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, ili kutengenezewa vanishi.

Umri wa utomvu mchanga hupimwa kwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa kiwango kinachojulikana tangu kiumbe kinapokufa. Watafiti wamependekeza kwamba uliotoka baada ya mwaka 1760 utengwe katika kundi lake, kwa kuwa ni wa kipindi ambacho shughuli za binadamu zilianza kupunguza wanyama kwa kasi, na pendekezo hilo lina uzito mkubwa: kipande kilichodharauliwa kwa uchanga wake kinakuwa ushahidi wa msitu ulivyokuwa kabla ya kufyekwa.

Nyuki wasiouma hupatikana sana ndani ya utomvu huo kwa sababu hukusanya utomvu na kuuchanganya na nta ili kujengea mizinga yao. Ili kuthibitisha kwamba aina fulani ni mpya, mtaalamu hulinganisha mishipa ya mabawa, vinyweleo na umbo la miguu na aina zote za jamaa zake zinazojulikana, kisha kielelezo kimoja huteuliwa kuwa rejea ya kudumu ya jina hilo.

Mbali na pwani, huko Ulyankulu, katika misitu ya miyombo ya Tabora, bara ya Tanzania, msandarusi hauko, lakini nyuki wadogo wako, na asali yao huthaminiwa kama dawa. Hukaa ndani ya mapango ya miti mikubwa, ile ile inayokatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Hapo ndipo ugunduzi wa pwani unapoigusa bara kwa uchungu zaidi, kwa kuwa aina itakayopotea katika miyombo haitaachiwa kipande cha sandarusi cha kuihifadhi, na itajulikana tu iwapo vielelezo vyake vitakusanywa, kuandikiwa tarehe na mahali, na kutunzwa wakati mizinga yake ingali hai.