Tanakali za Sauti na Trekta Linalokataa Kuwaka

Tanakali za sauti aghalabu hujadiliwa katika fasihi simulizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kazi yake nyingine: kubaini hitilafu ya umeme katika trekta la dizeli linalokataa kuwaka. Katika maeneo kama Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako mahindi hupandwa masika yanapoanza, siku ambayo trekta halikuwaka ni siku iliyopotea katika msimu. Mkulima asiyeweza kueleza alichosikia huenda akanunua betri asiyoihitaji.

Injini ya dizeli haihitaji cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Kwa hivyo, kazi kuu ya umeme wakati wa kuwasha ni kuizungusha injini. Mkondo mdogo hutoka kwenye betri, ukapitia swichi ya ufunguo na ile ya usalama iliyo kwenye klachi au gia, ukaiamsha solenoidi. Nayo solenoidi hufungulia stata mkondo mkubwa, ambao hurejea kwenye betri kupitia mwili wa trekta na waya wa hasi.

Ufunguo unapozungushwa, sikiliza.

Kukiwa kimya, washa taa. Zikiwa hafifu, shuku betri na viungo vyake. Ziking'aa, shuku fyuzi, swichi ya ufunguo au ya usalama: klachi isiyokanyagwa hadi mwisho yatosha kulinyamazisha trekta zima.

Ta-ta-ta-ta: solenoidi inavuta na kuachia kwa kukosa nguvu. Betri imeisha, au vichwa vyake vimeota unga mweupe.

Ta! mara moja tu: solenoidi imevuta, lakini mkondo mkubwa haupiti, au stata imekwama.

Wiii: stata yazunguka peke yake, meno yake hayaikamati injini.

Injini ikizunguka kwa kasi ya kawaida bila kuwaka, stata haina lawama. Chunguza mafuta na, katika matrekta yanayokata mafuta kwa umeme, waya wa vali hiyo.

Baada ya sikio, kipimo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, stata inapozunguka, isishuke chini ya 9.6 hivi. Wakati huohuo, pima kati ya kichwa cha hasi cha betri na mwili wa injini. Zaidi ya nusu volti ni dalili ya kiungo kibovu, ambacho huenda kikahitaji kusuguliwa tu. Kabla ya kusugua, fungua waya wa hasi kwanza, urudishe mwisho.

Kuna wanaounganisha vichwa vya stata kwa bisibisi wakiwa wamesimama kando ya gurudumu. Mbinu hiyo huikwepa swichi ya usalama. Trekta lililoachwa kwenye gia laweza kuwaka na kumkanyaga aliyeliwasha.

Anayempigia fundi simu na kusema "haliwaki" hajamwambia mengi. Anayesema "linalia ta! moja, na taa zinang'aa" amemwezesha kujua aanzie wapi na abebe nini. Tanakali, basi, si pambo la lugha tu. Ni maarifa yanayoweza kuokoa msimu.