Je, Wajua? Vumbi la sampuli moja huharibu nyingine

Naitrojeni ya hewani ina takriban asilimia 0.37 tu ya isotopu nzito, naitrojeni-15. Ili kufuatilia mbolea ndani ya mahindi, watafiti huweka mbolea iliyoongezewa isotopu hiyo, pengine hadi asilimia 98. Balaa huanzia kwenye mashine ya kusagia majani ya kupimwa: vumbi la jani lililokula mbolea hiyo likibaki humo, jani linalofuata litasomeka kana kwamba nalo lililishwa. Kipimo hutumia miligramu chache tu za unga, kwa hiyo hata chembe hupotosha. Ndiyo maana husagwa kwanza majani yasiyowekewa kitu, yaliyosheheni yakaja mwisho, na kila mara mashine hufutwa kwa ethanoli. Inachosha, hasa sampuli zikiwa mamia. Udongo wa shambani ulionata kwenye majani nao huoshwa mapema, kabla ya kuyakausha.