Moto wa Kuni Mbichi Huenda Wapi?

Bila shaka umewahi kupikia kuni mbichi. Moshi ulijaa jikoni, macho yakatoka machozi, na maji hayakuchemka upesi. Watu husema kuni mbichi hazina moto. Moto umo, lakini kuna kitu kinachoula kwanza.

Mti unapokua, majani yake huchukua hewa na maji, na kwa nguvu za jua huvigeuza kuwa mti. Nguvu hizo hubaki zimefichwa ndani yake. Wataalamu huziita nishati. Unapowasha kuni, mti huungana na oksijeni, ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Hapo hupatikana hewa ya ukaa, mvuke na majivu, na nishati iliyofichwa hutoka. Tunaiona kama mwanga, tunaisikia kama joto.

Kuungua, basi, hutoa joto. Lakini yako mabadiliko mengine ambayo hula joto. Ukitoka kuoga ziwani, upepo ukivuma unasikia baridi hata kama jua ni kali. Maji yaliyo mwilini mwako yanageuka mvuke, na joto la kufanya kazi hiyo yanalichukua kwako.

Sasa tazama kuni. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Katika mzigo wa kilo 20, huenda umebeba kilo 10 za maji, yaani nusu ndoo! Maji hayo lazima yatoke kwa mvuke kabla kuni hazijashika moto vizuri. Kazi hiyo ni kubwa. Joto la kuyageuza maji yote kuwa mvuke ni zaidi ya mara tano ya joto la kuyachemsha tu. Jaribu mwenyewe: chemsha kikombe kimoja cha maji, kisha angalia itachukua muda gani mpaka yaishe. Usiiache sufuria ikaungua.

Hapa kando ya Ziwa Viktoria tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama kule Tanga. Yakishachemka, hayapati moto zaidi hata ukiongeza kuni. Yanakauka upesi tu. Kwa hiyo maharage yakianza kuchemka, punguza kuni na ufunike chungu.

Wakaushaji samaki wanaijua hasara hii kuliko wengine. Dagaa ni wadogo, jua linawatosha. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ni mkubwa na ana mafuta mengi. Jua halimkaushi vizuri, hivyo hubanikwa juu ya chanja. Kuni zikiwa mbichi, moto mmoja unakausha maji ya samaki na maji ya kuni pamoja. Samaki akichelewa kukauka huoza, na kuni nyingi zimekwisha, nazo katika vijiji vingi vya Usukuma hufuatwa mbali.

Pasua kuni zako mapema, kwa maana gogo zima hukauka polepole. Zipange juu ya mawe ili upepo upite chini, na wakati wa mvua zifunike juu, si pembeni. Kuzitambua zilizokauka ni rahisi: ncha zake zina nyufa, na ukigonganisha mbili hutoa mlio mkali. Zilizo mbichi mlio wake ni mzito.