KWA NINI TUNAMKWEPA MWENYE SHIDA?

Mtoto wa jirani akijikata kwa jembe, wewe nawe unakunja uso. Jembe halikukugusa. Lakini unaona kama umekatwa wewe. Hiyo ndiyo huruma. Watu wengi hudhani huruma huja yenyewe, kama mvua. Sivyo. Mara nyingi sisi wenyewe tunaifungulia mlango, au tunaufunga.

Mimi ni bwana shamba. Mwaka mmoja, katika kijiji kimoja hapa Songea, dumuzi waliingia katika ghala la mzee mmoja. Mahindi yake hayakuwa yamepukuchuliwa. Mengi yaligeuka unga. Mzee huyo alikuwa na wajukuu wanne wa kulisha. Nilipopata habari, nilibadili njia. Nilipita chini, mtoni, ili nisionekane nyumbani kwake. Nilijiambia kwamba nina haraka. Sikuwa na haraka. Niliogopa kuliona ghala lile. Nikiliona nitaumia. Nikiumia nitalazimika kutoa, na mshahara wangu naujua.

Kumbe si mimi peke yangu. Mwaka 1994, mtaalamu Daniel Batson wa Marekani na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wao. Waliwaambia vijana kwamba wataombwa kumsaidia mtu asiye na nyumba. Wengine waliambiwa kazi yenyewe ni ndogo. Wengine waliambiwa ni kubwa, itachukua muda mwingi. Kisha waliulizwa: mnataka kusikia habari zake tu, au jinsi anavyoumia moyoni? Walioambiwa kazi ni kubwa, wengi wao walikataa kusikia maumivu yake. Walifunga mlango mapema.

Wingi wa shida nao hufunga mlango. Mwaka 2007 wataalamu wengine wa Marekani walionyesha watu picha ya mtoto mmoja wa Afrika mwenye njaa. Wengine walipewa hesabu ya mamilioni ya wenye njaa. Mtoto mmoja alichangiwa zaidi kuliko mamilioni. Ni ajabu, lakini ndivyo tulivyo.

Hapa kwetu, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza mwaka 1964. Wakimbizi wengi walivuka mto Ruvuma. Baadhi yao waliwekwa Muhukuru, Songea. Ukiwafikiria wote kwa pamoja, unakata tamaa. Ukimtazama mama mmoja na mtoto wake, unaona la kufanya.

Yupo pia anayekosea upande wa pili. Anamwuguza mgonjwa usiku na mchana mpaka yeye mwenyewe anaugua. Halafu anaanza kumkaripia mgonjwa, kisha analia kwa aibu. Huyo si mtu mbaya. Amechoka. Ndugu wapange zamu ili naye apate kulala.

Turudi kwa mzee. Siku ya nne niliona haya, nikaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona ukipita kule mtoni."

Nilinyamaza. Kisha nikamwuliza, "Mzee, nikusaidie nini?"

Nilidhani ataomba fedha. Alisema, "Haya yaliyobaki, niambie nifanyeje."

Siku zote nne nilizokwepa, hilo tu ndilo alilolitaka! Na ndiyo kazi yangu. Tuliwaita majirani wawili. Tulitoa mahindi yote nje, tukayapukuchua, tukayapepeta na kuyaanika. Magunzi na takataka tulizichoma mbali na nyumba. Ghala tulilifagia mpaka pembeni. Mahindi yalipokauka, tulichanganya dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Maandishi ya pakiti tulimpa mjukuu wake mkubwa ayasome kwa sauti. Ninyi pia msiache kuyasoma, maana dawa ni sumu na kila moja ina kipimo chake.

Magunia matatu yalipona. Mzee alinifungia mahindi kidogo ya kuchoma nyumbani. Nilitaka kukataa, nikaona atasikitika, nikapokea.