Tapi ya suri nayo ni chombo cha kazi

Siku ile delege wetu walipeleka listi ya vifaa vya usalama ku biro ya wakubwa, ilisomwa bila neno: viatu vya chuma, gants, masque za vumbi, lunettes. Kufika ku mustari wa mwisho, kicheko kikatoka. Tulikuwa tumeandika: tapi za suri, 14. Mukubwa mumoja akauliza kama watu wa sendika wameanza sasa kutafuta mapambo ya meza. Sisi hatukucheka.

Tueleze kwanza, maana wengi kati yetu tunashinda chini ya udongo ao mu karyere, na ordinatere tunaiona tu siku ya kuuliza mambo ya mushahara. Suri ni kile kifaa cha kushika na mukono, chenye kusukuma mushale ku ekra. Kwa Kifaransa souris ni panya mudogo, na kweli na ule mukia wake inafanana naye. Tapi ni kitambaa ao kipande cha kauchu chenye kulazwa chini yake. Ndiyo hiyo tu. Lakini leo tani za madini hazihesabiwi tena na kalamu. Kamyo inapanda ku pont-bascule, dada ao ndugu mwenye kukaa mu kibanda anabonyeza, hesabu inaingia, na ile hesabu njo inazaa prime ya ekipe nzima.

Na mu kile kibanda kuko shida mbili: meza na vumbi.

Suri za leo ziko na taa ndogo chini yake pamoja na jicho, sawa kamera, lenye kupiga picha za meza zaidi ya 1000 kila sekonde. Inalinganisha picha na picha, njo inajua mukono umeenda wapi. Kama meza iko na alama-alama, sawa mbao ao kitambaa, jicho linaona vizuri. Kama meza inang'aa sawa kioo, ao ni ile formika nyeupe yenye kulainika sana, picha zote zinafanana, jicho linapotea na mushale unaruka. Ongeza sasa vumbi jekundu la barabara zetu, lenye kuingia hata dirisha likiwa limefungwa, linajaza kile kitundu cha jicho.

Mwenzetu mumoja wa kibanda alituonyesha. Alitaka kubonyeza mustari wa kamyo moja, mushale ukaruka ku mustari wa chini. «Papa delege, kila siku ninarudilia mara mingi,» alisema. «Siku nimechoka, njo siku hesabu inapotea.» Mu ekipe yake kulikuwa mwezi ambamo safari 2 za kamyo hazikuonekana ku hesabu ya mwisho, na kuirudisha ile prime kulitutoa jasho wiki tatu. Hatusemi kwamba suri peke yake ilileta ile kosa. Ila hauwezi kumuomba mutu hesabu safi, na huku umemupa chombo cha kuruka-ruka.

Suri ya kwanza kabisa ilitengenezwa mu 1964 kule California, mu kazi ya Douglas Engelbart: kasha ya mbao yenye magurudumu mawili. Baadaye ikaja ile ya mupira ndani. Wazee wa biro wanaikumbuka, ilibidi kuifungua kila mara na kukwangua uchafu. Pale tapi ilikuwa ya lazima, maana mupira ulihitaji mahali pa kushika. Mu miaka ya 1980 kukawa na suri za mwangaza zenye kuomba tapi yao ya chuma yenye mistari. Bila ile hazikutembea. Kisha mu 1999 zikaingia madukani zile zenye kutembea karibu mahali pote, na watu wakasema tapi imekwisha. Labda huko kwao. Meza zetu hawakuziona.

Basi kuchagua. Hapa tulibishana kati yetu jioni nzima.

Wengi walitaka tapi ya kitambaa juu na kauchu chini. Ni ya muzuri: haikimbii juu ya meza, haina baridi asubuhi ya mwezi wa sita, haipigi kelele, na bei yake ni ndogo. Lakini kitambaa kinameza vumbi. Ku pont-bascule, ao karibu na mahali wanafunga idroksidi ya kobalti mu big-bags, hiyo tuliikataa. Kobalti si udongo wa kawaida. Kuko watu inawaletea kuwasha na mapele ya ngozi, na vumbi lake likivutwa linaweza kuumiza mapafu. Sasa mukono unashinda juu ya kitambaa chenye kujaa lile vumbi, saa sita unakamata mukate. Pale tuliandika tapi ya uso mugumu wa plastiki, yenye kupanguswa na kitambaa cha maji kila mwisho wa poste. Inapiga kelele kidogo na suri inateleza mbio, kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza watu watalalamika. Tunajua.

Ku biro za mbali, kule magasin na kule wanatayarisha mishahara, kitambaa kinafaa, mradi kioshwe. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kilazwe ku kivuli mupaka kikauke. Jua letu linakunja kauchu, na tapi yenye kukunjika ni ya kutupa.

Ukubwa, hapo njo watu wanaonewa. Tapi ndogo ya santimetre 22 kwa 18 inafungia mukono mahali pamoja, na kifundo cha mukono njo kinafanya kazi yote, kushoto na kuume, toka asubuhi. Kukiwa nafasi, mukono wote unatembea kutoka ku kiwiko, na kifundo kinapumua. Tuliandika 30 kwa 25. Zile ndefu za 80 kwa 30 zenye kupita hata chini ya klavye ni nzuri, lakini mu kibanda cha pont-bascule mahali pa kuzilaza hakuna. Unene, milimetre 2 ao 3 zinatosha.

Kisha kuko ile yenye kamuto ka jeli mbele. Dukani wanaisifu sana, na njo ya bei. Sisi hatukuiweka. Ndani ya kifundo cha mukono kuko njia nyembamba sana, mushipa wa fahamu unapita mule pamoja na kamba zenye kuvuta vidole. Ukilaza kifundo juu ya kamuto na huku unasukuma suri, unakandamiza palepale. Mutu mwenye kuwa nayo tayari aegemeze kiganja wakati wa kupumzika, si wakati wa kazi. Na kama meza iko juu sana, hakuna tapi itasaidia: kiwiko kiwe sawasawa na meza, suri ikae karibu na klavye, mukono usinyooke mbali.

Kwa wale wenye kukata kipande cha bande ya convoyeur na kukilaza ku meza: kinashika vizuri, ndiyo, lakini kinakula miguu ya suri, kinanuka, na gardien akikikuta mu mufuko wako ku geti utaeleza nini? Nyumbani, kwa mutoto mwenye kujifunza ordinatere, karatasi nyeupe yenye kubandikwa na skochi ku pembe zote ine inatosha. Ikichafuka unabadilisha.

Kuhusu nani analipa, Code du travail ya 2002 inamupa mwajiri kazi ya kulinda afya na usalama wa mufanyakazi, na biro ni mahali pa kazi sawa vile karyere. Tapi isikatwe ku mushahara wa mutu. Kule Ufaransa ule ugonjwa wa kifundo, syndrome du canal carpien, umeandikwa mu tableau 57 ya magonjwa ya kazi, pamoja na kazi zenye kuuleta. Tuliweka ile karatasi pamoja na listi yetu, na mazungumuzo yakabadilika: tapi 5 za pont-bascule zimekwisha kufika, 9 tunazingojea.

Dada, ndugu, kama kidole gumba na vidole viwili vyenye kufuata vinashikwa na ganzi, zaidi usiku, na unaamuka kukunguta mukono, usingoje ukose nguvu ya kushika kikombe. Andika tarehe ilianza. Nenda ku dispensaire, na mbele ya kusema maumivu, sema kazi: saa ngapi kwa siku, mukono gani, meza gani. Daktari asipojua unashinda na suri, atakupa vidonge vya maumivu na kukurudisha ku meza ileile. Omba aandike kazi yako mu fishi. Kopi moja utuletee.