Samatta wa Genk bado yupo kwenye CD

USIKU wa Novemba 5, 2019, Mbwana Samatta aliruka juu ndani ya boksi la Liverpool pale Anfield, akaupiga mpira kwa kichwa, ukazama wavuni. Ikawa 1-1. Genk walikuja kulala 2-1, lakini nani Tanzania alikumbuka matokeo? Vibanda umiza vilitikisika, na kesho yake habari ilikuwa moja tu.

Januari 2020 nahodha huyo wa Taifa Stars akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu England. Habari za Genk zikaishia hapo.

Kwenye CD ya FIFA 20 hazijaisha. Gemu hiyo ilitoka Septemba 27, 2019, Samatta akiwa bado mshambuliaji wa Genk, na CD ambayo haijawahi kuonja intaneti haijui lolote kuhusu usajili wa Januari. Ichomeke leo kwenye PS4 ya banda la gemu Kaisho, wilayani Kyerwa, kwenye njia ya kwenda Murongo mpakani na Uganda, chagua Genk, utamkuta amekaa mbele palepale.

Sasa jaribu kuinunua gemu hiyohiyo leo kwenye duka la mtandaoni la PlayStation. Haipo. EA Sports na Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) waliachana baada ya miaka 30, FIFA 23 ikawa ya mwisho, na Septemba 2023, wakati EA Sports FC 24 inaingia sokoni, gemu za zamani zenye jina la FIFA ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa ameshanunua anaweza kuipakua tena kwenye akaunti yake. Aliyechelewa, basi.

Ndiyo maana kwa mwenye banda CD si plastiki tu, ni mtaji. Siku ikibana anaiuza. Akiichoka anabadilishana na mwenzake wa senta ya jirani, anaongeza kidogo, anapata nyingine. Anaweza hata kuiweka rehani. Gemu ya kupakua haina hayo. Imefungwa kwenye akaunti ya aliyenunua, na hakuna namna ya kuitoa na kumkabidhi mtu mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka yawakute: kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, Tanzania haimo. Kijana wa Kaisho anayetaka kununua mtandaoni lazima ajisajili kana kwamba anaishi Afrika Kusini, Marekani au Uingereza, kisha atafute vocha ya nchi hiyohiyo, maana vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. M-Pesa yake haitambuliki kule. Na kwa kuwa amedanganya nchi, akaunti ikifungwa hana pa kulalamika. Gemu zote zinaondoka nayo, hata kama kila moja aliilipia pesa yake ya kahawa.

Hata wanaoruhusiwa kununua hawapewi gemu yenyewe, wanapewa ruhusa ya kuitumia. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asiseme “nunua” bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Huko wameona ni jambo la kutungiwa sheria.

MZIGO WA GB 100

Tuwe wakweli, CD nayo ina matatizo yake. Inachubuka. Ikichubuka picha inagandaganda, mchezaji anabaki mguu juu, na wateja wanaanza kudai pesa zao. Dawa inayojulikana mabandani ni dawa ya meno, inapakwa na kufutwa taratibu kwa kitambaa laini. Kuna siku inasaidia, kuna siku ndiyo unaimalizia kabisa. Zile za PS2 nyingi zilikuwa za kuchoma, sheria ya hakimiliki haizitaki, lakini ndizo zilizowafundisha vijana wengi soka la kwenye skrini. FIFA 14 ilikuwa ya mwisho kutengenezewa PS2, na mashine hiyo haikuhitaji intaneti kumaliza ligi nzima.

Gemu ya kupakua haichubuki, hilo lazima ikubaliwe. Ila mzigo wake si mchezo. FC 24 ya kompyuta inataka nafasi ya GB 100. DVD ya kawaida ni GB 4.7. Kwa mtu anayetegemea bando la simu, huo ni usiku mwingi wa kuacha simu inavuta, na umeme usikatike.

Kinachotisha zaidi ni mashine zenyewe. PS5 ya kidijitali ya mwaka 2020 haina mahali pa kuweka CD. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 nayo haina, kisomea CD kinanunuliwa pembeni, na siku ya kwanza kukifunga lazima uwe na intaneti. Konami walishatangulia: tangu PES ilipogeuka eFootball mwaka 2021, inapakuliwa tu, bure, hakuna CD. Kwa biashara ya banda la vijijini, kununua mashine isiyosoma CD ni kujifunga bao kabla ya mpira kuanza.

Vijana wa simu wamepata njia yao. Wanarushiana mafaili ya PES ya zamani waliyopachika Simba na Yanga, jezi na wachezaji wote, kitu ambacho FIFA 20 haikuwahi kuwapa. Faili likishaingia kwenye memori kadi, hakuna kampuni ya kulifuata. Sio halali sana, lakini linakaa.

Kyerwa yenyewe inachimba bati, madini yanayotengenezea lehemu ya kuunganisha vifaa ndani ya mashine kama hizi. Malighafi inatoka, mashine inarudi, duka lake tu ndilo halijui kama wilaya hiyo ipo.

Kwa sasa FIFA 20 ya CD bado inapatikana mikononi mwa watu. Bao la Anfield halimo ndani yake, wala lile alilowafunga Manchester City Wembley, Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi. Ila Genk wamo, Liverpool wamo, na Anfield ipo. Anayemchukua Samatta anapewa dakika zake za kujaribu kuipata sare ile iliyokosekana. Akifungwa, anaachia pedi, anakaa benchi kusubiri zamu.